Macho ya karatasi juu ya kopo la pesa: mtu akihisi anatazamwa hubadilika kweli?

#1 Mkunazini_Kwetu
Assalaam alaykum wanajukwaa.
Kuna karakana ya mbao yenye mafundi 30 hivi. Wanataka kuweka meza ya chai ya kujihudumia: chupa mbili za chai, sahani ya maandazi, karatasi ya bei na kopo la kutilia pesa. Muuzaji hapana. Wamegawanyika. Kuna wanaotaka kamera, na kuna wanaosema ibandikwe picha ya macho ya mtu juu ya kopo, basi. Hoja yao ni kwamba mtu akihisi anatazamwa hujizuia mwenyewe, hata kama kinachomtazama ni karatasi. Hili lina ukweli? Na kama lina ukweli, sababu yake nini? Naomba wenye elimu ya jambo hili wachangie.

#2 Barzani
Waalaykum salaam. Lina ukweli. Lilijaribiwa Harvard na watu wakalipa mara tatu. Macho hayana pazia, ndugu yangu. Mtu akipita mbele ya barza lenye watu, hata mwendo wake hubadilika: kofia huwekwa sawa, sauti hushuka, salamu hutoka kamili.

#3 Mwl_Nafsi
Barzani, jaribio lipo, lakini si la Harvard. Ni la Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza. Melissa Bateson, Daniel Nettle na Gilbert Roberts walilitoa 2006. Chumba cha kahawa cha wafanyakazi kilikuwa na kisanduku cha kujilipia mwenyewe tangu zamani. Kwa wiki 10 walibadilisha picha iliyo juu ya karatasi ya bei: wiki hii maua, wiki ijayo macho. Bei haikuguswa, na mahali palikuwa pale pale.

Sasa angalieni walivyopima, kwa sababu hapa ndipo wengi huteleza. Hawakuhesabu pesa peke yake. Waligawa pesa kwa lita za maziwa yaliyotumika wiki hiyo, maana maziwa ndiyo kipimo cha vinywaji vilivyonywewa. Wiki za macho, malipo kwa kila lita yalikuwa karibu mara 3 ya wiki za maua. Ukihesabu pesa tupu, wiki ya mvua na baridi watu watakunywa chai zaidi, kopo litajaa, nawe utayapa macho sifa isiyo yao.

#4 Kijana_Michenzani
Shukran mwalimu. Lakini karatasi ni karatasi, kila mtu anajua haioni. Inafanyaje kazi?

#5 Mwl_Nafsi
Maelezo yao ni haya. Binadamu ameishi siku zote katika vikundi ambamo jina lake ndilo akiba yake. Anayejulikana kuwa mkweli hukopeshwa, huozeshwa, hushirikishwa. Kwa hiyo akili ina sehemu iliyo hodari wa kutambua macho, nayo hutangulia kabla fikra hazijafika. Kabla hujajiambia "hii karatasi", mkono umeshalegea. Kevin Haley na Daniel Fessler walikuwa wameona jambo la jinsi hiyo 2005: madoa mawili yenye umbo la macho kwenye kioo cha kompyuta yalifanya watu wengi zaidi wampe mgeni wasiyemjua sehemu ya pesa zao.

#6 Mzee_Jangombe
Wanangu, msikimbilie kuamini. Matokeo yakiwa matamu namna hiyo, husubiriwa yarudiwe. Na yalirudiwa. 2017 Stefanie Northover na wenzake walikusanya majaribio mengi ya macho na ukarimu, wakayapima kwa pamoja. Kwa wastani, macho hayakumfanya mtu awe mkarimu zaidi. Mwalimu alijua hilo, ilifaa alitaje pale pale.

#7 Mwl_Nafsi
Kweli mzee wangu, na nashukuru kwa kulileta. Naongeza upande wa pili. 2019 Keith Dear na wenzake nao walikusanya tafiti, ila wao waliangalia mabaya badala ya ukarimu: kuiba, kutupa taka, kudanganya. Huko kulikuwa na upungufu wa takriban asilimia 35. Mimi nasoma hivi: macho hayamfundishi mtu kutoa asichodaiwa, humzuia asichukue kisicho chake. Kulipa chai uliyoinywa kuko upande wa pili huo.

#8 Mzee_Jangombe
Hapo tunaanza kukaribiana. Bado sijakubali yote.

#9 Bint_Malindi
Kuna la baiskeli, hapo hapo Newcastle, 2012. Waliweka mabango yenye macho makubwa na maneno ya kuwaonya wezi wa baiskeli kwamba wanatazamwa, kwenye sehemu 3 za kuegesha. Wizi pale ukashuka kwa asilimia 62. Kisha wakaangalia sehemu zisizo na mabango: ukapanda kwa asilimia 65. Mwizi hakutubu, alihama.

Kwa hiyo Mkunazini, ukibandika macho kwenye kopo la chai, uhesabu na maandazi. Anayeona haya mbele ya kopo anaweza kuhamia kwenye sahani iliyo upande wa pili wa meza.

#10 Fundi_Waya
Niseme la kamera, maana watu huifunga wakadhani kazi imeisha. Mapitio ya Brandon Welsh na David Farrington yanaonesha kamera hufanya kazi vizuri zaidi kwenye maegesho ya magari, ambako mtu hupanga kabla ya kutenda. Kwenye fujo za hasira husaidia kidogo sana, kwa sababu aliyepandwa na hasira hana nafasi ya kukumbuka kamera.

Makosa ya huku kwetu nayajua moja moja. La kwanza, kamera hutazamishwa mlangoni kuelekea nje. Mwanga wa mchana unakuwa nyuma ya anayeingia, na uso wake unatoka kama kivuli cheusi. Iwekeni ili mwanga utoke nyuma ya kamera, urefu wa mita 2 na nusu hadi 3. Ikipanda zaidi itapiga picha kofia tupu. La pili, hewa ya chumvi hula viungio vya waya. Vilivyo nje vifungwe ndani ya kijisanduku kisichoingiza maji, na kioo kifutwe kwa kitambaa laini mara kwa mara, kwa sababu utando wa chumvi usiku hung'aa ukafuta kila kitu. La tatu, umeme ukikatika saa ya mashine hurudi nyuma, ukitafuta tukio la saa 4 asubuhi unaonyeshwa usiku wa manane. La nne, kumbukumbu ikijaa, mashine hufuta za zamani ili iandike mpya. Ukichelewa wiki tatu kuulizia, huenda hukuti kitu.

Kubwa kuliko hayo yote: watu wakishajua kwamba hakuna anayezitazama picha, kamera inakuwa sawa na karatasi ya macho, tena ya bei kubwa.

#11 Ukhti_Konde
Naona mnazungumza kama kwamba macho yote ni ya nje. Lugha yetu imeshatenganisha. Kuna *aibu* na kuna *haya*. Aibu inataka watu: hakuna aliyeona, hakuna aibu. Haya humkaa mtu hata akiwa peke yake chumbani.

Mfano ni udhu wa adhuhuri mwezi wa Ramadhani. Jua kali, koo limekauka, mtu yuko peke yake bombani. Anatia maji kiganjani, anayaingiza mdomoni, anasukutua. Maji yapo juu ya ulimi, baridi. Akimeza nusu funda hakuna kiumbe atakayejua, hata aliyesimama ubavuni pake. Anayatema. Yanatemwa namna hiyo na maelfu ya watu, Unguja na Pemba, mara kadhaa kwa siku, mwezi mzima. Kamera ipi inafanya kazi hiyo?

#12 Barzani
Allahu Akbar. Ukhti umeligusa.

#13 Mwl_Nafsi
Ukhti, mfano huu ni mzito. Lakini unaweza kusomwa kwa njia mbili. Njia moja: mtu anahisi anaonwa na Mola wake, kwa hiyo ni kutazamwa kule kule, ila kusiko na mapumziko. Azim Shariff na Ara Norenzayan walitoa jaribio 2007: watu waliokumbushwa maneno ya Mungu kabla ya kugawa pesa walimwachia mwenzao zaidi. Wengine waliolirudia baadaye hawakupata matokeo hayo. Njia nyingine: hapana kuhisi chochote, ni mazoea tu. Mtu anayefunga tangu utotoni hafikirii kumeza, kama asivyofikiria kuingia msikitini na viatu.

#14 Ukhti_Konde
Mwalimu, mazoea hayaondoi kuona haya, ndiyo yanayoyajenga. Kwenye mafunzo ya Kiislamu daraja ya ihsani ni kumuabudu Mwenyezi Mungu kama kwamba unamuona, na ikiwa humuoni basi Yeye anakuona. Hilo halimwingii mtoto kwa siku moja. Na upande wa pili tumeonywa riyaa: mtu kuirefusha sala yake kwa sababu kuna watu wanamwangalia. Yaani macho ya watu yanaweza kuizidisha ibada na papo hapo kuiharibu. Utafiti wenu unapima kilichozidi. Nani anapima kilichoharibika?

#15 Mzee_Jangombe
Swali hilo peke yake linastahili uzi wake.

#16 Fundi_Kete
Nimesoma kimya, sasa naingia kwa njia ya bao. Mnasema kutazamwa hubadilisha tabia. Kwenye bao hubadilisha hata akili, na si kwa wote sawa.

Bao lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni: 6 kwenye nyumba (shimo kuu), na 2 katika kila moja ya mashimo mawili ya jirani. Zilizobaki 22 hushikwa mkononi, zinanamuliwa, yaani kuingizwa ubaoni, moja moja. Mcheze fundi barzani, watazamaji kumi wamemzunguka: mkono wake unapita juu ya mashimo bila kusita, kete zinadondoka moja moja kwa mlio ule ule, na mwisho wa mzunguko anajua zilipo zote. Mtie mkinda, mchezaji mchanga, pale pale. Akiwa peke yake anajua asiivunje nyumba mapema. Watu wakianza kusema "kula! kula hiyo!" anaivunja kwenye namua ya nne, na baadaye kwenye mtaji, kete za mkononi zikishakwisha, hana cha kuchezea. Macho yale yale yamempandisha mmoja, yamemwangusha mwingine.

#17 Mwl_Nafsi
Fundi, umeeleza nadharia ya Robert Zajonc ya 1965 bila kumtaja. Alisema kuwapo kwa wengine huamsha mwili, na mwili ulioamka hutoa jibu lililozoeleka. Kwa fundi jibu lililozoeleka ni sahihi. Kwa mkinda lililozoeleka ni kosa. 1969 yeye na wenzake walijaribu kwa mende. Taa iliwashwa, mende akakimbilia gizani. Njia ikiwa imenyooka, mende aliyetazamwa na mende wenzake walio kwenye visanduku vya pembeni alikimbia kwa kasi zaidi. Njia ikiwa na kona ya kuchagua, watazamaji walimchelewesha.

#18 Kijana_Michenzani
Mende na barza! Barzani, umesikia unavyofananishwa?

#19 Barzani
Nimesikia mwanangu, na mende wangu hawajambo. Ila nauliza kwa dhati: mende anaogopa kusemwa? Kama haogopi, basi hadithi ya mwalimu ya kulinda jina (#5) inaingia wapi?

#20 Mwl_Nafsi
Umegusa ugomvi wenyewe. Nickolas Cottrell na wenzake 1968 waliweka watazamaji waliofungwa vitambaa machoni. Athari haikutokea. Wao wakasema si kuwapo kwa watu, ni hofu ya kupimwa. Mende wa mwaka uliofuata wanaelekea upande mwingine. Kundi la tatu linasema ni umakini tu kugawanyika: nusu ya akili iko kwenye kete, nusu iko kwa watazamaji. Hadi leo kila upande una majaribio yake.

#21 Fundi_Kete
Na kuna jambo ambalo Zajonc halifuniki. Fundi naye huanguka. Mpe shindano lenye zawadi, watu wote kimya, mwambie leo ndiyo leo. Anaanza kuhesabu kete alizokuwa hazihesabu. Mkono uliokuwa unajua njia sasa unaulizwa kila hatua.

#22 Bint_Malindi
Hilo ni la Roy Baumeister, 1984. Mtu anaelekeza umakini kwenye hatua ambazo mwili ulikwisha zihifadhi, zikakatika katikati. Mashindano ya kuhifadhi Qur'ani yanalionyesha: mtoto anasoma juzuu nzima nyumbani bila kukwama, mbele ya majaji anakwama kwenye aya ya tatu kwa sababu amejiuliza "inayofuata ni ipi?" Walimu wazuri hufanya mambo mawili. Humsomesha mbele ya watu watatu, kisha kumi, kisha msikiti mzima, wiki kadhaa kabla. Na wakimkatisha hawamwambii arudi mwanzo wa sura, humtajia maneno mawili ya kuunganishia ili ulimi uendelee wenyewe.

#23 Bint_Chake
Mimi niko upande wa hospitali, na huko suala hili si la nadharia. Kunawa mikono. Shirika la Afya Duniani limetaja nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi safi kama kudunga, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Dawa ya kusugua sekunde 20 hadi 30, sabuni na maji sekunde 40 hadi 60.

Mkaguzi akisimama wodini na karatasi yake, mikono yote inanawa. Toronto, Kanada, walifunga vifaa vya kuhesabu kila dawa inapobonyezwa. Matokeo yalitoka 2014: mkaguzi akionekana, matumizi yalikuwa karibu mara 3 ya wakati asipoonekana. Kwa hiyo asilimia inayoandikwa kwenye ripoti ni ya siku ya mkaguzi. Mgonjwa analala na mikono ya siku nyingine.

Kinachosaidia ni kuhesabu chupa za dawa zilizokwisha kwa mwezi na kugawa kwa siku za wagonjwa kulazwa. Ni kama yale maziwa ya mwalimu.

#24 Kijana_Michenzani
Hiyo si ndiyo wanayoiita athari ya Hawthorne, yule daktari?

#25 Mzee_Jangombe
Hawthorne si mtu, mwanangu. Ni kiwanda cha Western Electric huko Cicero, karibu na Chicago. Majaribio yalianza 1924 mpaka 1932. Ilisimuliwa kwamba taa zikiongezwa kazi inapanda, zikipunguzwa inapanda vile vile, kwa sababu wafanyakazi walijua wanaangaliwa. Jina lenyewe lilikuja baadaye, miaka ya 1950. Lakini Steven Levitt na John List walipozichambua upya takwimu za taa, 2011, hawakuikuta hadithi ile ilivyosimuliwa. Kwa hiyo la wodini la Bint Chake lina ushahidi mzito kuliko la kiwanda kilichoipa athari hii jina.

#26 Nahodha_Wete
Niongeze la karafuu. Jioni wachumaji wanakaa wanachambua, karafuu huku, makonyo kule, kisha zinapimwa kwa pishi. Pishi inaweza kupimwa namna mbili: kupanguswa juu, au kuachwa ifurike mpaka zimwagike pembeni. Tofauti ni konzi nzima kwa kila pishi, na pishi zikiwa nyingi mchumaji amepunjwa jasho la saa nzima. Ikipimwa uani mbele ya wote, kwa sauti, "moja, mbili, tatu", mkono wa mpimaji unanyooka. Ikipimwa ndani kwa mmoja mmoja, ugomvi haukosekani.

Sasa hapa pana hisia ya kutazamwa? Naona hapana hisia. Pana watu watakaogoma kesho. Tusichanganye jicho linaloweza kukudai na jicho la karatasi.

#27 Mwl_Nafsi
Nahodha, naikubali tofauti hiyo. Ila zingatia kwamba jicho la karatasi linakopa nguvu kwa jicho linalodai. Mahali ambapo hakuna aliyewahi kudaiwa, nadhani macho ya ukutani yangekuwa pambo tu.

#28 Nahodha_Wete
Pambo, au kinga. Mitepe ya zamani, vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba, ilikuwa na macho omoni, na hakuna aliyeyaweka ili nahodha asiibe. Wengi huyaeleza kuwa ni ya kuiongoza safari na kukinga husda.

#29 Ukhti_Konde
Tuko mbali na chai sasa, lakini ni pazuri. Nina swali jingine: mtoto. Tukimlea chini ya macho kila dakika, atajifunza kujizuia au atajifunza kusubiri tuondoke?

#30 Bint_Malindi
Majibu yanagongana. Marekani 1976, Ed Diener na wenzake waliwaangalia watoto zaidi ya 1,300 wanaopita nyumba kwa nyumba usiku wa Halloween. Waliambiwa wachukue peremende moja tu, mtu mzima akatoka chumbani. Waliokuwa kwenye kundi bila kuulizwa majina ndio waliochukua zaidi. 1979 wakaweka kioo nyuma ya bakuli: mtoto aliyetaja jina lake na sasa anajiona mwenyewe, wizi ulipungua sana. Kioo si jicho la mtu. Ni lake mwenyewe. Kwa hiyo pengine kinachofanya kazi ni kujikumbuka wewe ni nani, na mtazamaji ni njia moja tu ya kukukumbusha.

Utafiti wa Uchina wa 2020 ukaonyesha vingine. Watoto wa miaka 3 na 4 walisubiri zawadi kwa muda mrefu zaidi walipoambiwa mwalimu wao ataambiwa wamesubiri muda gani. Hapo ni jina, si kioo.

#31 Mzee_Jangombe
Na kujizuia kwenyewe, je, huchosha? Baumeister alidai hivyo 1998, kwamba ni kama msuli. 2016 maabara 23 zilirudia kwa pamoja, zikapata karibu na sifuri. Anayesema mtu anayetazamwa kutwa huchoka kujizuia jioni, anatakiwa aje na ushahidi mwingine.

#32 Kijana_Michenzani
Halafu huenda wala hatutazamwi kiasi tunachodhani?

#33 Mwl_Nafsi
Swali zuri kuliko unavyofikiri. Cornell, 2000, Thomas Gilovich na wenzake walimvalisha mwanafunzi fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, fulana ya kuonea haya, wakamwingiza chumba chenye wenzake. Alikisia karibu nusu wameiona. Walioiona hawakufika robo. Kwenye barza la Barzani sijui ingekuwaje.

#34 Barzani
Kwenye barza wangeiona wote, mwalimu, na wangeuliza imenunuliwa Darajani kwa bei gani.

#35 Mkunazini_Kwetu
Shukran nyote. Tumekubaliana hivi: kamera hapana. Picha ya macho usawa wa uso, moja kwa moja juu ya kopo, wiki moja macho, wiki moja picha ya maua, kwa wiki 10. Chai tutaipima kwa lita, maandazi tutayahesabu asubuhi na jioni, kopo litafunguliwa Alhamisi mbele ya mafundi wawili. Tutaanza mwezi mosi Shaabani.

#36 Bint_Chake
Msianze Shaabani! Mwezi una siku 29 au 30. Wiki ya tano itaangukia Ramadhani na hakuna atakayekunywa chai mchana. Anzeni baada ya Iddi.

#37 Ukhti_Konde
Na baada ya Iddi kuna wanaofunga sita. Shawwali yote mtapata vikombe pungufu, zaidi wiki za mwanzo. Anzeni Mfunguo Pili, na mchague kwa kurusha sarafu kama wiki ya kwanza ni ya macho au ya maua.